Ndoo za Asali Nyumbani kwa Mgeni Rasmi

Kuna uchochoro mmoja hapa Isevya ambao mpaka leo siwezi kuukatiza bila mtu kuniita bi harusi, na mimi sijaolewa, wala sijachumbiwa, na kwa muda mrefu nilikuwa nazunguka kwa nyuma kule kwenye mitaro, viatu vinajaa tope, ili mradi tu nisikutane na wale akina mama wanaochambua mchele barazani. Lakini kwa kuwa nyie mmeng'ang'ania, na kwa kuwa kila mmoja wenu ameshaisikia habari hii kutoka kwa mtu ambaye hata hakuwepo, bora niisimulie mwenyewe, mnicheke mbele yangu, yaishe.

Mimi, kwa asiyenijua, naitwa Tausi, na kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Baba yangu ni fundi cherehani, na akiulizwa binti yako anafanya nini huwa anajibu, "Anashona mitandao," nami sijawahi kumsahihisha kwa sababu ukiangalia sana hajakosea.

Sasa kwenye kazi yetu hii kuna kitu kinaitwa fremuweki. Msiogope, siyo ngumu. Chukulia unataka kujenga nyumba, halafu mtu anakuletea nguzo zimeshasimama na paa limeshaezekwa, kazi yako ni kukandika, kupaka rangi na kutoboa madirisha unapotaka. Hiyo ndiyo fremuweki. Zipo nyingi, kila moja na nguzo zake na ukaidi wake, na watu wa kazi hii wanabishana juu yake kama mashabiki wa mpira (nimewahi kuona watu wazima wawili wakinuniana harusini kwa sababu hiyo). Mimi chuoni nilijifunza moja inaitwa Laravel, nikaizoea kama ninavyolijua jiko la mama yangu, yaani hata umeme ukikatika najua chumvi iko wapi.

Kwa hiyo wafuga nyuki wa upande wa Isikizya waliponitafuta, nilijua cha kufanya. Mwenyekiti wao ni Mama Lucia, mwanamke mrefu, mpole, anayeongea taratibu kama anayepita karibu na mzinga. Kilio chao kilikuwa kimoja: walanguzi wanakuja vijijini na magari, wanaichukua asali kwa bei wanayoitaka wao, na mwenye mzinga anabaki na nta mikononi. Walitaka tovuti ili mteja wa mjini aagize moja kwa moja kwao. Mama Lucia alikuwa na sharti moja tu.

"Oda zigawanywe kwa zamu," akaniambia. "Leo Petro, kesho Mariamu, hivyo hivyo mpaka tuishe wote, ndipo turudi kwa Petro. Mtu asije akasema mwenyekiti anapendelea ndugu zake. Kikundi hiki kimewahi kuvunjika mara moja kwa neno hilo."

Nikamtengenezea. Mteja akibonyeza "Agiza", mwanakikundi ambaye zamu yake imefika anapata meseji kwenye simu yake ya kawaida: peleka ndoo moja kwa fulani, mahali fulani. Oda inayofuata inakwenda kwa mwingine. Tukajaribu mimi na Mama Lucia, ikafanya kazi vizuri, akatabasamu, akanipa chupa ya asali nyeusi ambayo mama yangu aliificha mpaka na mimi mwenyewe nikawa naionja kwa kuomba. Hapo mambo yalikuwa yamekwisha. Ningekaa kimya nikasubiri siku ya uzinduzi, leo ningekuwa nasimulia kitu kingine.

Lakini akaja Fikiri. Fikiri tulisoma naye chuo, sasa anafanya kazi Dar, na alikuwa amekuja kumsalimia shangazi yake. Tukakutana mgahawani, nikafungua kompyuta kumwonyesha kazi yangu kwa fahari, yeye akainama, akatazama kidogo, akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyekuona umevaa nguo kinyume na hataki kukuambia.

"Laravel," akasema. "Kumbe bado upo huko."

"Huko wapi?"

"Hapana, ni nzuri. Ni nzuri sana. Mama yangu mdogo naye duka lake lipo kwenye Laravel." Akanywa chai. "Ila mjini watu wameshahamia React. Ukurasa unakuwa hai, Tausi, unajichora wenyewe. Ukienda kuomba kazi leo na hiyo yako watakuamkia shikamoo."

Basi. Hakusema zaidi ya hapo, akahamia kwenye habari za shangazi yake. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikiwa nimezeeka. Nikaiangalia ile tovuti yangu nzuri ya asali nikaiona imevaa kanga iliyopauka, nikajiambia, zimebaki wiki chache kabla ya uzinduzi, kwani kuna ubaya gani nikiihamishia upande wa mbele, ule anaouona mteja, kwenye hiyo React, nijifunze huku nafanya, watu si wanajifunza kuendesha gari barabarani (hawajifunzi hivyo, najua sasa).

Nikajifunza kwa video, tena nikiziharakisha, mwalimu anaongea kama amekunywa maji ya moto, na kila alipokuwa anasema "hapa kuwa makini sana" mimi nilikuwa naruka mbele kutafuta rangi za vitufe. Na kweli, mnisamehe, nilipenda. Ukurasa ulikuwa unajichora upya wenyewe kila habari inapobadilika. Unaongeza ndoo, namba inaruka. Unafuta ndoo, inarudi. Nikamwita mama aone, akaona, akasema, "Hee, inahema." Nikaongeza na kibao kikubwa pale juu cha dhahabu, kimeandikwa "Oda zilizopokelewa", na namba pembeni yake inayoongezeka yenyewe. Hakuna aliyeniomba kibao hicho. Nilijipendea tu.

Kitu kimoja sikukijaribu. Sehemu ya kutuma meseji nilikuwa nimeizima, ili nisiwasumbue wanakikundi kwa majaribio yangu, nikasema nitaiwasha siku yenyewe asubuhi. Na siku yenyewe asubuhi niliiwasha huku napakwa hina mkono wa pili.

Maana hina ilikuwepo, jamani. Baba alikuwa amenishonea gauni la rangi ya asali, refu, lina marinda na lulu za bandia kifuani (alisema binti yake hawezi kusimama mbele za watu kama karani wa stoo), mtandio wenye kung'aa, na dada wa jirani akanipaka wanja. Nikitazama picha za siku ile sasa naona wazi kabisa kwamba kilichokuwa kinakosekana ni shada la maua na bwana.

Uzinduzi ulikuwa kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Wanakikundi walikuja na asali yao, ndoo zimepangwa mlangoni kwa ajili ya maonyesho, nyingine asali safi, nyingine na masega yake, na kila ndoo ina jina la mwenyewe. Mgeni rasmi alikuwa Mzee Hamisi, mwalimu mkuu mstaafu aliyefundisha nusu ya mji huu, kanzu nyeupe, baraghashia, mtu wa heshima zake. Baba alikaa mstari wa mbele kabisa, na alikuwa akigeuka kuwaambia watu wa nyuma kwamba gauni lile ni kazi yake.

Nikaeleza, nikaonyesha, picha ya kompyuta yangu ikiwa imetandazwa kubwa ukutani nyuma yangu. Kisha nikamwomba Mzee Hamisi aweke oda ya kwanza kabisa. Akaja mezani taratibu, tukaandika jina lake pamoja, tukaandika mahali: Isevya, nyumba yenye geti la kijani nyuma ya mashine ya kusaga. Ndoo moja. Akabonyeza kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama anayepiga muhuri. Ukutani ikatokea: "Asante, oda yako imepokelewa." Ukumbi ukapiga makofi. Nikashika kipaza sauti, nikaupa ukuta mgongo, nikaanza hotuba yangu.

Sasa nieleze kilichokuwa kinatokea mgongoni kwangu, maana mimi nilikuja kukijua baadaye. Katika ule ukurasa nilikuwa nimeandika kwamba, oda ikishapokelewa, ukurasa utume meseji, kisha uongeze namba kwenye kile kibao changu cha dhahabu. Lakini namba ikiongezeka ukurasa unajichora upya, na mimi nilikuwa sijauambia kwamba kazi ya kutuma ni ya mara moja tu, kwa hiyo kila ulipojichora ulituma tena, na kila ulipotuma ulijichora tena. Ni sawa na kumwambia mtu apige hodi kila mlango unapofunguliwa, na mlango wenyewe unafunguka kila anapopiga hodi. Na kwa kuwa oda zinakwenda kwa zamu, kila meseji ilikwenda kwa mwanakikundi mwingine.

Simu ya kwanza ikalia, mzee mmoja akaitazama, akainuka kimya kimya, akatoka. Ikalia nyingine. Mama mmoja akaitoa kwenye mkunjo wa kitenge, akasoma midomo ikicheza, akatazama huku na huku kama aliyeokota kitu, akatoka naye. Mshereheshaji akaomba watu wazime simu. Hakuna aliyezima. Mimi naona tu watu wangu wanachomoka mmoja mmoja, kwa adabu, wakiinama kama wanaopita mbele ya wakubwa, nikadhani hotuba imewachosha, nikaongeza sauti.

(Kila mmoja, mnaelewa, alidhani ni yeye peke yake aliyepata. Oda ya kwanza kabisa, tena ya mgeni rasmi. Hakuna aliyetaka kumwambia jirani yake akaamsha wivu. Walikuwa wanatoka, wanachukua ndoo yenye jina lao, wanapanda bodaboda.)

Mzee Hamisi, aliyekuwa amekaa ameutazama ukuta, akanigusa kwenye mkono wa gauni. "Binti," akasema, "naona biashara inakwenda."

Nikageuka. Kibao cha dhahabu kilikuwa kinakimbia. Namba zilikuwa zinapanda mbele ya macho yangu, na mimi, badala ya kujiuliza swali moja la mtu mwenye akili, moyo ukajaa, nikadhani nchi imetuona. Nikarudi kwenye kipaza sauti nikatangaza, kwa sauti ninayoisikia mpaka leo nikifumba macho:

"Ndugu zangu, kama mnavyojionea, oda zinamiminika kutoka kila pembe ya Tanzania."

Makofi mengine. Baba akasimama kabisa.

Hapo ndipo simu ya Mzee Hamisi ilipolia. Mzee sikio lake moja limechoka, kwa hiyo simu zake huzisikiliza kwa spika, na alikuwa bado amekaa pembeni ya kipaza sauti changu. Ukumbi mzima ukasikia sauti ya mkewe, Bi Zena.

"Baba Salma, hapa nyumbani kunaletwa ndoo za asali."

"Ndiyo, mama, nimeagiza ndoo moja."

"Uani sina pa kukanyaga. Kila anayekuja anasema ametumwa kwako. Nikiuliza ni za nini wanacheka, wananiambia hongera." Tukasikia ndoo nyingine ikitua. "Baba Salma, asali yote hii ni ya kupikia pombe ya arusi ya nani?"

"Arusi gani tena? Mimi situmii pombe, unajua."

"Najua wewe hutumii. Nauliza wakwe zako wapya."

Watu wachache waliokuwa wamebaki ukumbini wakaangua kicheko. Mzee akazima simu, akavua baraghashia, akaivaa tena. Mimi nilikuwa nimeshaiona meseji yenyewe, maana Mama Lucia alikuwa amenijia na simu yake mkononi, na kwenye simu yake zilikuwa zimeingia tatu, zote zinafanana, "Hongera, umepata oda." Alinionyesha tu, akanitazama.

Tukatoka mbio, mimi, Mama Lucia na Mzee Hamisi, tukajibana kwenye bajaji, marinda yangu yanapeperukia nje. Kompyuta nikaiacha pale pale mezani inawaka. Kosa kubwa kuliko yote, na sikuliwaza hata kidogo.

Njiani tulikuwa tunawapita watu wetu. Waliokosa bodaboda walikuwa wanakwenda kwa miguu, ndoo kichwani, mmoja nyuma ya mwingine, ungesema misafara ya zamani imerudi Unyanyembe, kasoro pembe za ndovu. Mama Lucia akatoa kichwa akamwita mmoja, "Mariamu, rudini, kuna kosa," na Mariamu akajibu bila kugeuza shingo, "Mama, mimi hii ni zamu yangu, nina meseji."

Nyumbani kwa mzee geti la kijani lilikuwa wazi na mtaa umejaa. Ndani ya ua ugomvi umeshaanza. Petro anasema oda ni yake, ilikuja kwake ya kwanza, mwingine anamwonyesha simu, na mmoja, ambaye sitamtaja, akasema kwa sauti neno ambalo Mama Lucia alikuwa ameliogopa tangu siku ya kwanza. "Ndiyo yale yale. Mwenyekiti ametugombanisha ili ndoo ya ndugu yake ipokelewe." Nilimwona Mama Lucia anasimama pale getini, mikono imelegea. Katika siku nzima ile ya vichekesho hapo tu sikucheka, na hata sasa sicheki.

Nikapiga hatua nieleze. Na ndipo Bi Zena alipotoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi, akamwona mumewe ameshuka kwenye bajaji na msichana aliyepakwa hina mpaka viwikoni, wanja, mtandio wa kung'aa, na gauni la rangi ya asali lenye lulu.

Akatunyooshea mwiko.

"Na mwenyewe umemleta," Bi Zena akasema.

Mama mmoja wa mtaani, Mungu amsamehe, akapiga kigelegele.

Sikupata nafasi ya kujibu. Zile ndoo zenye masega zilikuwa zimekaa juani zimefunguliwa, watu walipokuwa wanahakikisha asali ya nani ni bora, na nyuki wa mji huu nao wana pua. Walikuja kwanza wachache, halafu wakaja kama wamepigiwa simu. Mtaa ukatawanyika. Wafuga nyuki peke yao ndio hawakukimbia, wakaanza kutafuta majani mabichi ya kufukiza moshi kama vile ni kazi ya kila siku, lakini mimi nyuki mmoja aliniingia chini ya mtandio na sikungoja, niliuona mlango mdogo wa kwanza mbele yangu nikaingia kichwa kichwa, na lilikuwa banda la kuku. Nilikuwa bado sijakaa sawa mlango ukafunguka tena akaingia Bi Zena na mwiko wake, akaufunga nyuma yake. Tukachuchumaa uso kwa uso, kuku wanatulalamikia.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba," akajibu kwa mazoea, halafu akakumbuka kwamba ana hasira. "Wewe ndiye?"

"Ndiye nani, mama?"

"Ndiye anayeolewa na mzee wangu."

"Mimi natengeneza tovuti, mama."

"Sijakuuliza kazi yako."

Nje simu bado zilikuwa zinalia, moja baada ya nyingine, nikaelewa kwamba kule kunakotoka meseji hakujanyamaza. Nikamwomba Bi Zena ruhusa ya kupiga simu. Akanipa kwa kichwa, mwiko haukushuka. Nikampigia Fikiri, nikamweleza kwa pumzi moja, naye hakucheka, na hilo lilinitisha zaidi.

"Pale mwisho uliweka mabano matupu?" akaniuliza.

"Mabano gani?"

"Mabano mawili, hayana kitu ndani. Ndiyo yanayoiambia fanya mara moja tu."

Jamani. Watu wote wale, ndoo zote zile, ndoa ya watu, kwa ajili ya mabano mawili ambayo hata ndani hayana kitu. Na nakumbuka vizuri kabisa mwalimu wa video akisema hapa kuwa makini sana, na mimi nikiruka.

"Huo ukurasa umefunguliwa wapi sasa hivi?" Fikiri akauliza.

"Ukumbini. Kompyuta nimeiacha."

"Tausi, mwambie mtu aifunge. Ikifungwa tu imekwisha."

Nikampigia baba. Alipokea mdomo umejaa, pilau ilikuwa imeshagawiwa.

"Baba, kompyuta yangu ipo mezani?"

"Ipo. Ndiyo naitazama. Hizo namba ukutani zinapendeza."

"Ifunge, baba."

Akafikiri. "Niifunge na nini? Hapa hakuna kamba."

"Siyo kwa kamba, baba, ifunge tu."

"Kuna kitambaa cha meza. Nikitumie hicho?"

Bi Zena, aliyekuwa anasikia kila neno, mwiko ukaanza kumtetemeka mkononi.

"Baba, ikunje," nikasema, karibu nalia. "Ikunje kama unavyokunja suruali ya mteja."

"Aa, kukunja," akasema baba. "Si ungesema kukunja."

Na mara ua ukatulia. Simu zote zikanyamaza, tukabaki tunasikia kuku na nyuki tu. Nikageuka kumtazama Bi Zena, nikamkuta amejiinamia, mabega yanacheza, machozi yanamtoka, anacheka bila sauti mpaka kuku mmoja akampanda mgongoni asimjali.

"Kwa hiyo," akasema alipopata pumzi, "huyu mzee ameagiza ndoo moja."

"Moja tu, mama."

"Na yuko wapi?"

Tukachungulia. Mzee Hamisi alikuwa amesimama nje ya geti, upande wa pili wa barabara, na sijui alikuwa anaogopa nyuki au anaogopa mwiko.

Moshi ulipowatuliza nyuki, Bi Zena akatoka bandani, akajikung'uta, akasimama katikati ya ua mbele ya majirani waliokuwa wamerudi na shauku zao. "Arusi hakuna," akatangaza. "Asali ipo. Leteni vyombo na hela."

Wakaleta. Nani angekwenda nyumbani mikono mitupu baada ya tukio kama lile. Walikuja na masufuria, chupa, madumu, mmoja alikuja na birika. Lakini kabla ya kuanza kupima nilimwomba Bi Zena anipe nafasi, nikapanda juu ya kinu, na gauni langu lenye mavi ya kuku, nikawaambia wanakikundi kwamba Mama Lucia hakujua lolote, kosa ni langu peke yangu, nilibadilisha kitu kilichokuwa kizima na sikukijaribu, na hakuna mwenye meseji aliyetapeliwa na mwenzake, meseji zote zimetumwa na ujinga wangu. Petro akauliza kama ule ujinga utarudi tena kesho. Nikasema hapana. Akasema, "Basi pima asali, tuondoke na jua."

Nikapima. Mpaka alasiri nilikuwa nachota kwa kikombe, lulu za baba zinadondokea kwenye mifuniko, mikono ya hina inanata, na kila mama aliyechukua chombo chake alinitazama kutoka juu mpaka chini akasema ahsante, bi harusi. Ndoo za uani zikaisha. Moja tu ndiyo iliyobaki, ile ya Mzee Hamisi, na Bi Zena akaiingiza ndani mwenyewe bila kumwomba mzee amsaidie.

Wiki iliyofuata nilikwenda Isikizya, kwenye kikao chao. Niliingia nikasalimia "mwangaluka" kwa sauti ndogo, wakaniitikia vizuri kuliko nilivyostahili, nikaeleza tena taratibu, nikawaambia nimerudisha ile tovuti ya mwanzo kama walivyoikubali. Mama Lucia alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ya mwanzo," akaniuliza, "ilikuwa na ubaya gani?"

"Haikuwa na ubaya, mama."

"Sasa uliibadilisha kwa nini?"

Nilitafuta jibu la kitaalamu. Yapo mengi, kasi, ukurasa hai, soko la ajira, nilikuwa nayajua yote. Nikaona aibu kuyatumia pale. "Kuna mtu aliidharau," nikasema.

Kikao kikacheka mpaka mwenye muhtasari akaweka kalamu chini, na Mama Lucia naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akanisogezea kiti nikae karibu naye. Walinibakiza. Sijui kama mimi ningejibakiza.

Na msidhani React nimeichukia. Ni kitu kizuri sana, naisoma kila asubuhi kabla ya kazi, video naziacha ziende mwendo wake, na mwalimu akisema kuwa makini nasimamisha, naandika, narudia. Najitengenezea kijukurasa changu cha kupanga mboga za wiki, hakimhusu mtu, kikigoma tunakula maharage. Ila nimejiapia jambo moja: kujifunza nitajifunza mpaka nizeeke, lakini sitajifunzia tena kwenye asali ya watu.